Tafakari ya Juma: Danieli Katika Chumba cha Mtihani



Wapendwa waamini, kwetu Kagoma, kama ilivyo Muleba na Bukoba kote, mwezi wa Novemba huleta mambo mawili kwa pamoja: senene angani na watahiniwa wa kidato cha nne madarasani. Watoto wetu hukesha kwa ajili ya vyote viwili. Juma hili twapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya mtihani, na hasa juu ya aina moja ya swali ambalo mtoto hawezi kulijibu kwa kukariri, yaani swali la maadili lililowekwa ndani ya karatasi ya sayansi.

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa jumuiya zetu ndogondogo alitujia pamoja na binti yake aliye kidato cha nne. Twasimulia kwa ruhusa yao, na majina tumeyaacha. Mama alikuwa ameshika karatasi ya mtihani wa utamilifu wa somo la Biolojia, imekunjwa mara nne, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukanwa. Swali lenyewe, tukilitoa katika Kiingereza cha shule, lilisema hivi: mume na mke wote wawili wanabeba vinasaba vya selimundu bila wao wenyewe kuugua. Kipengele cha kwanza kilimtaka mtahiniwa achore mchoro wa urithi na kuonyesha uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa. Kipengele cha pili, chenye alama sita, kilisema: jadili iwapo wenzi hao wanapaswa kuzaa watoto.

Kipengele cha kwanza binti alikipata chote. Miraba yake minne ilikuwa imechorwa kwa rula, safi kabisa. Katika kipengele cha pili aliandika sentensi moja tu, kwamba mdogo wake ana selimundu na nyumbani wanampenda. Pembeni, kwa wino mwekundu, mwalimu alikuwa ameweka sifuri na maneno matatu: “Hili si jibu.”

“Baba Paroko,” mama akasema, “mwanangu yule mdogo mnamfahamu, mlimbatiza ninyi. Leo mwalimu anaandika kwamba mtoto wangu si jibu?”

Twakiri mbele yenu kwamba hasira ilitupanda. Tulikwisha kuona moyoni barua tutakayomwandikia mkuu wa shule, juu ya heshima ya uhai, juu ya shule zinazowafundisha watoto kuhesabu binadamu kama wanavyohesabu njegere. Ilikuwa barua nzuri sana, na tunamshukuru Mungu kwamba hatukuiandika. Badala yake, Jumanne tulikwenda shuleni kwa miguu, tukamkuta mwalimu mwenyewe chini ya mti akisahihisha madaftari.

Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, “Padre, sifuri ile niliiweka kwa uchungu. Mdogo wake namjua, huja hapa kumsubiri dada yake. Lakini swali linasema ‘jadili’. Ningempa alama za huruma mimi, Novemba karatasi yake itasomwa na mtu asiyemjua yeye wala mdogo wake, naye hatampa hata moja. Ni bora alie sasa.”

Tulirudi nyumbani tukiwa hatuna barua. Njiani tulikumbuka jambo ambalo hatukupenda kulikumbuka.

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukiwalea wanafunzi wa TYCS, kijana mmoja alituuliza afanye nini akikutana na maswali ya namna hii katika mtihani. Tulimjibu upesi, maana tulikuwa na haraka ya kwenda kutembelea mgonjwa: “Andika kwamba Kanisa Katoliki linakataza. Basi.” Kijana alitii. Baadaye akaletewa swali juu ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba, akaandika kwamba Kanisa Katoliki linakataza, akakosa alama.

Nasi tulimlaumu msahihishaji, kumbe kosa lilikuwa letu mara mbili. Kwanza, jibu letu halikuwa kweli. Katika waraka wa Laudato Si’ wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko hakuyapiga marufuku mazao hayo. Alisema ni vigumu kutoa hukumu moja ya jumla, akataka kila jambo lipimwe kwa faida yake, kwa hatari zake, na kwa namna linavyomgusa mkulima mdogo. Na hapa kwetu jambo hilo si la vitabuni. Mwaka 2006 mnyauko bakteria wa migomba uliripotiwa katika Wilaya yetu ya Muleba, na wengi wenu mnakumbuka mashamba ya bitoke yalivyonyauka, ndizi zikiiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Jirani zetu wa Uganda walitafiti migomba iliyowekewa kinasaba cha pilipili hoho ili istahimili mnyauko huo. Je, mkulima wa Kagoma aupokee mgomba kama huo ukiletwa? Nani atakuwa na haki ya miche? Ladha ya ebitoke vyetu na mbegu za wazee vitakuwaje? Hilo ni swali la kufikiriwa na Mkristo kwa bidii, nasi tulimwambia kijana asifikiri.

Kosa la pili ni zito zaidi. Tulimfundisha kwamba imani ni neno la kufungia mazungumzo. Alikosa alama chache, na huenda alipata kitu kibaya kuliko kukosa alama, yaani dhana kwamba sisi Wakatoliki tuna amri lakini hatuna sababu.

Wapendwa, tukubali kwanza kwamba maswali haya yana haki ya kuwapo. Huko Uingereza, mtaala wa Twenty First Century Science ulioanza kutumika shuleni mwaka 2006 uliyaingiza waziwazi. Mwanafunzi alitakiwa aweze kutofautisha kile ambacho sayansi inaweza kukijibu na kile ambacho kinahitaji hukumu ya maadili, na kueleza hoja za pande zinazopingana. Wapo waumini waliolalamika kwamba hivyo ni kumfundisha mtoto kwamba kila wazo lina uzito sawa na jingine. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini kueleza hoja ya mtu si kuikubali. Padre anayesimulia kishawishi cha Bwana jangwani analazimika kusema maneno ya shetani pia, na hakuna anayemshtaki kwa hilo.

Tena njia hiyo ni ya kwetu kuliko tunavyodhani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae yake ya karne ya 13, huanza kila swali kwa kuweka hoja za upande anaoupinga. Hazidhoofishi wala hazidhihaki. Huzipanga moja baada ya nyingine, ndipo husema lile analoliona kuwa kweli, kisha hurudi kuzijibu zote. Msahihishaji wa leo akiipata karatasi ya Tomaso, hatakuwa na pa kumnyima alama.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata tulimwita binti, naye akaja na mama yake. Tuliketi barazani kwa nyumba ya mapadre tukaanza upya kipengele cha pili. Tunawaandikia hapa tuliyoyafanya, kwa kuwa wapo wazazi wengi wenye watahiniwa mwaka huu.

Tulianza kwa kulisoma neno linaloamrisha. “Eleza” hutaka sababu za jambo. “Jadili” hutaka pande zake. “Toa maoni yako” hukutaka wewe mwenyewe, pamoja na sababu zako. Mtoto anayetoa maoni pale alipoambiwa aeleze hukosa alama, na yule anayejificha nyuma ya pande mbili pale alipoulizwa anafikiri nini hukosa pia.

Tukafuata ukweli wa sayansi, bila kuupunguza kwa ajili ya imani wala kuuongeza kwa ajili ya hofu. Wenzi hao wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa, asilimia 50 wa mtoto anayebeba vinasaba bila kuugua, na asilimia 25 wa mtoto asiye navyo kabisa. Tulisisitiza maneno “kila mimba”, maana wapo kati yetu wanaodhani kwamba akizaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Si hivyo. Mimba ya pili haikumbuki ya kwanza. Na mtahiniwa asisahau ni nani aliyetufungulia mlango wa hesabu hizi: Gregor Mendel, mtawa wa Mtakatifu Agostino, aliyechapisha mwaka 1866 yale aliyoyaona kwa njegere za bustani ya monasteri yake. Mkatoliki hana sababu ya kuingia katika mada ya urithi kama mgeni.

Ndipo zikaja hoja za kila upande, zimeandikwa kwa namna ambayo mwenye hoja akizisoma atasema, “Ndiyo, hilo ndilo ninalolisema.” Upande mmoja utasema kwamba selimundu huleta maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, pengine kiharusi kwa mtoto mdogo. Utasema kwamba nchi yetu inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na kwamba dawa na damu ya kuongezwa havipatikani kila zahanati. Upande wa pili utasema kwamba wapo wengi wenye selimundu wanaosoma, wanaofanya kazi na kuoa. Utasema pia kwamba uchunguzi wa mapema na dawa kama haidroksiyurea vimebadilisha maisha ya wagonjwa, na kwamba hakuna ofisi wala daktari aliyepewa mamlaka ya kuwaamulia mume na mke.

Mwishoni tukafika kwenye msimamo, pale unapoombwa. Hapo tulimwambia binti asiandike “Kanisa linakataza”. Kwa kweli hapa Kanisa halisemi “zaeni” wala halisemi “msizae”. Papa Paulo wa Sita, katika Humanae Vitae ya mwaka 1968, alifundisha juu ya uzazi wa kuwajibika, akakiri kwamba mume na mke wanaweza kuwa na sababu nzito za kutozaa kwa muda, au hata kwa muda usiojulikana. Kile ambacho Kanisa linakikataa ni kumwua mtoto aliyekwisha kutungwa, na kusema kwamba mgonjwa hakustahili kuwapo. Sababu yake yaweza kuelezwa kwa mtu wa dini yoyote: thamani ya mtu haipimwi kwa afya yake, vinginevyo sisi sote twaipoteza thamani hiyo siku tunapougua.

Binti aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza, mdogo wake alikuwamo ndani ya jibu, lakini safari hii hakuwa peke yake. Aliandika kwamba anamfahamu mtoto mwenye ugonjwa huo, kwamba amemwona akilia usiku kwa maumivu na amemwona akicheza mpira siku ya pili yake, na kwamba anayejadili swali hili sharti akumbuke usiku ule pamoja na mchana ule. Mama yake aliomba asomewe kwa Kiswahili, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, “Sasa wamemweka vizuri.”

Tulimwongezea binti habari moja inayofaa watahiniwa wote, kwa sababu imetokea katika ukanda wetu huu. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kwamba vinasaba vya selimundu vilikuwa vingi kwa watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Viktoria, na vichache nyanda za juu zisizo na malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayebeba vinasaba hivyo bila kuugua hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Kwa hiyo kile tunachokiita laana ya ukoo kiliwaokoa wengi wa babu zetu. Hilo ni la kushangaza, na kumsifu Mungu kwa ajili yake si kosa la kisayansi.

Lakini sehemu ya ushahidi huo ilipatikana kwa kuwaambukiza malaria watu wazima 30 wa kabila la Wajaluo waliojitolea, 15 wenye vinasaba hivyo na 15 wasio navyo. Kati ya wale wa kwanza, wawili tu walionekana na vimelea. Kati ya wale wa pili, 14. Mtahiniwa ajiulize: je, ilikuwa halali? Je, waliojitolea chini ya serikali ya kikoloni walikuwa huru kiasi gani kukataa? Je, elimu iliyopatikana, ambayo leo imo katika vitabu vyetu vyote, inaisafisha njia iliyotumika kuipata? Tuliona binti akikunja uso. Hakuwa tena na karatasi mbele yake ya kumwambia kuna alama ngapi.

Basi, tumsikilize Danieli. Sura ya kwanza ya kitabu chake, tukiisoma vizuri, ni habari ya shule na mtihani. Vijana wanne wa Yuda wanachukuliwa Babeli, wanafundishwa kwa miaka mitatu lugha na maandiko ya Wakaldayo, na mwishoni wanasimamishwa mbele ya Mfalme Nebukadneza ili wahojiwe. Danieli hakukataa kujifunza. Alisoma elimu ya watu wasiomjua Mungu wake, akaisoma vema kuliko wenyewe, hata mfalme akawaona wao ni bora mara kumi kuliko wenye hekima wake wote. Jambo alilolikataa lilikuwa moja, kujitia unajisi kwa chakula cha mfalme.

Hata kukataa kwake kulikuwa kwa adabu na kwa akili. Hakumtukana msimamizi. Alimwelewa, kwamba naye ana mkubwa wa kumwogopa, akampendekezea jaribio: atujaribu kwa siku kumi, tule mboga na kunywa maji, kisha atulinganishe na wale wanaokula cha mfalme. Walimu wa sayansi mnaosoma ukurasa huu mtatabasamu, maana hapo yapo makundi mawili, upo muda uliopangwa, na upo ulinganisho. Danieli alikuwa na imani ya kutosha kuweza kusubiri matokeo.

Watoto wetu tunawataka wawe hivyo. Wajue elimu ya Babeli hadi mwisho wake. Waweze kueleza hoja ya mwingine bila kuipotosha. Wajue mahali ambapo watasema “hapana”, na waseme kwa sababu zinazosikika. Binti alituuliza, “Na msahihishaji akitaka upande mmoja tu, Padre, ambao siuamini?” Tulimjibu kwamba aeleze upande huo kwa haki na kuandika kwamba ndivyo wanavyosema wenye mtazamo huo. Akilazimishwa kuandika kwamba ni wake, apoteze alama hizo. Zipo alama ambazo Mkristo anaweza kuzipoteza. Lakini asizipoteze kwa uvivu wa kufikiri halafu akasema ameteswa kwa ajili ya Injili.

Tulidhani tumemaliza. Mama alikwisha kusimama, kikapu mkononi. Binti akachukua kalamu, akarudi kwenye mchoro wake wa kipengele cha kwanza, ile miraba minne aliyopewa alama zote, akapiga mstari juu ya mraba wa mtoto mgonjwa.

“Huyu ni mdogo wangu,” akasema. “Mimi siumwi, kwa hiyo mimi simo humu. Imebaki mitatu, na kati ya hiyo miwili inabeba.” Akaiweka kalamu chini. “Padre, mimi ni yupi?”

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Mtoto mzima wa wazazi wa namna hiyo ana uwezekano wa mbili kati ya tatu wa kubeba vinasaba hivyo. Mwalimu wake hakuliuliza hilo wala Baraza la Mitihani halitaliuliza, nasi hatukuwa na mwongozo wa usahihishaji wa kufungua. Tulimwambia lile tunalolijua: kwamba kipo kipimo cha damu, kwamba kubeba vinasaba si ugonjwa wala aibu, kwamba kujua mapema kabla ya uchumba ni tendo la upendo kwa yule atakayekuja kumposa. Wazee wetu walichunguza koo kabla ya kupeleka posa. Kupima damu ni kuendeleza busara hiyo kwa chombo kilicho bora zaidi. Mama alikirudisha kikapu chini, akaketi tena karibu na binti yake, akamshika mkono. Wamekubaliana kwamba watakwenda wote wawili baada ya mtihani, na wameomba tuwasindikize. Tutakwenda.

Kwa vijana wetu walio katika uchumba, tunatangaza kwamba mafundisho ya ndoa yatakuwa na kipindi kimoja juu ya selimundu, na tutamwomba mwalimu yule wa Biolojia aje kukifundisha. Kwa wazazi, tunaomba mwaulize watoto wenu jioni moja wanafikiri nini juu ya maswali haya, na mwasikilize hadi mwisho kabla hamjajibu, jambo ambalo sisi tulishindwa siku ile tulipokuwa na haraka. Na kama kijana yule wa zamani wa TYCS anasoma hapa, tunamwomba msamaha.

Tuwaombee watahiniwa wote wa kidato cha nne, walimu wao, na wale watakaosahihisha karatasi bila kuwajua waandishi wake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, utuombee.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.

Paroko wenu